Kiseyeye, machungwa na kovu la miaka hamsini

Aprili 1498, merikebu za Vasco da Gama zilitia nanga nje ya Mombasa zikiwa na wagonjwa. Miezi mitatu nyuma, mtoni karibu na Quelimane ya leo, Msumbiji, mabaharia walikuwa wamevimba mikono na miguu, na fizi zimekua hadi kufunika meno, mtu hawezi kula. Tunayajua haya kutoka kwenye shajara ya mmoja wao ambaye hakuacha jina lake. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, miwa, na machungwa na malimau kwa wingi. Wagonjwa wakapona. Mwandishi wa shajara akamshukuru Mungu, kisha akatoa sababu: hewa ya mji huu ni nzuri sana.

Eti hewa! Waulizeni wakazi wa Mombasa kuhusu hewa ya mwezi Machi.

Ugonjwa ule kwa Kiswahili ni kiseyeye, na wengi wetu tukilisikia jina hilo tunafikiria fizi zinazotoka damu tu. Fizi ni mlango. Shuleni tulichora seli kama matofali yaliyobanana, na hakuna aliyetuambia kwamba kati ya tofali na tofali kuna kitu. Kipo: wavu ambao seli zenyewe zinausuka na kuutandaza nje yao, wataalamu wanauita matriksi ya nje ya seli. Uzi wake mkuu ni kolajeni, protini iliyo nyingi kuliko nyingine zote mwilini, nyuzi tatu zilizosokotwa pamoja kama kamba. Ngozi, mifupa, kano, kuta za mishipa ya damu, hata nyama inayoshikilia jino, vyote vinaitegemea.

Shajara ileile, ilipofika Kisiwa cha Msumbiji, ilishangaa vyombo visivyo na msumari hata mmoja, mbao zimeshonwa kwa kamba. Aliyewahi kusoma habari za mtepe anajua kwamba kamba zile huchakaa, chombo lazima kishonwe upya. Mwili nao ndivyo ulivyo. Kila siku unafumua kolajeni kuukuu na kusuka mpya, hata mahali palipopona zamani. Ili usokotaji ukamilike kuna vimeng'enya vinavyotumia chembe ya chuma, na vitamini C ndiyo inayoiweka chembe hiyo katika hali ya kufanya kazi. Vitamini ikiisha, nyuzi tatu hazishikani vizuri kwa joto la mwili. Ufumuaji unaendelea, ushonaji umesimama. (Ushonaji ukizidi nao ni balaa: ndiyo keloidi, ndilo ini lililogeuka kovu tupu.) Mbwa na mbuzi hujitengenezea vitamini C wenyewe. Sisi hatuwezi, lazima tuile.

Sasa rudi kwenye kalenda. Da Gama aliondoka Malindi mwishoni mwa Aprili na rubani aliyepewa pale, pepo zikiwa naye, na baada ya wiki nne hivi alikuwa Calicut, India. Kurudi, aling'oa nanga mwanzoni mwa Oktoba bila kungoja kaskazi ishike, jambo ambalo nahodha yeyote wa mwambao angemkataza. Bahari ilimshika karibu miezi mitatu. Wiki nne mwili unavumilia, miezi mitatu ni habari nyingine. Watu 30 wakafa njiani, na kila merikebu ikabaki na wanaume saba au wanane tu wenye nguvu ya kufanya kazi. Walipofika Malindi Januari 1499, wagonjwa walililia machungwa, na machungwa yakaletwa. Safari hii hayakuwafaa, wengi walifia hapohapo. Siku chache baadaye, mbele ya Mtangata, karibu na Tanga ya leo, waliichoma moto São Rafael, merikebu yao wenyewe, kwa kukosa mikono ya kuiendesha.

Camões, katika Os Lusíadas ya 1572, anamfanya da Gama amsimulie mfalme wa Malindi safari yake yote, zikiwemo nyama zilizoota vinywani mwa watu wake. Utenzi wa kumtukuza shujaa, lakini fizi hazikurukwa. Namheshimu kwa hilo.

Ushahidi unaonisumbua zaidi, hata hivyo, unatoka msafara wa Mwingereza George Anson, ulioondoka 1740 na watu zaidi ya 1,800. Wengi wao hawakurudi, na kiseyeye kiliua kuliko maadui. Kasisi wake, Richard Walter, alichapisha habari zake 1748. Anamtaja mtu mmoja aliyejeruhiwa kwenye vita vya Boyne, Ireland, miaka 50 kabla. Majeraha yalipona, akayasahau. Kiseyeye kilipomshika, yalifunguka upya kana kwamba hayakuwahi kufunga, na mfupa uliovunjika na kuunga zamani ukaachana tena. Walter aliliona hilo kama ajabu. Kwa mzee yule halikuwa ajabu, lilikuwa maumivu ya ujana wake yaliyomrudia akiwa baharini.

James Lind alijaribu machungwa na malimau kwa mabaharia 1747, akachapisha kitabu 1753, na jeshi la majini la Uingereza likaanza kugawa maji ya malimau kwa kawaida 1795. Hesabuni wenyewe, kutoka 1499, ni karibu miaka 300.

Kilichobaki ni mtu kuyaona kwa macho yake. Mwaka 1939 daktari wa upasuaji Mmarekani, John Crandon, aliacha kabisa vyakula vyenye vitamini C na kukubali kuchanjwa mgongoni. Alianza akiwa na akiba mwilini, kwa hiyo kidonda cha mwezi wa tatu kilipona vizuri. Cha mwezi wa sita kilifunga juu kwenye ngozi tu. Kilipofunguliwa siku kumi baadaye, ndani hakukuwa na kilichoshikana, ilikuwa damu iliyoganda. Akadungwa vitamini C, na kidonda hichohicho kikaanza kuunga.