Ziwa Ni Letu, Fedha Ni za Nani?

Ndugu msikilizaji, mwezi Mei 2020 kipimo cha maji kilichopo Jinja, nchini Uganda, kilivuka alama ya Mei 1964 na kuvunja rekodi iliyodumu miaka 56. Mwaka 2024 maji ya Ziwa Victoria yakapanda tena, yakaipita hata hiyo ya 2020. Mialo ikazama, mashamba ya kando ya ziwa yakageuka madimbwi, na watu wakahama na magodoro vichwani. Tangu hapo, katika kila mkutano wa nchi zetu kuhusu ziwa hili, huulizwa swali moja: fedha za kazi hiyo zitoke wapi? Leo naomba tulijibu kwa kuitazama historia, maana swali hilo si geni.

Mwaka 1929 Uingereza, iliyokuwa ikizitawala Tanganyika, Kenya na Uganda, ilikubaliana na Misri kwamba hapatajengwa kitu chochote kwenye mto Nile, matawi yake wala maziwa unakotoka, kitakachopunguza maji ya Misri, bila Misri yenyewe kuridhia. Halafu likaja Bwawa la Owen Falls pale Jinja, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth mwaka 1954. Kwa makubaliano ya 1949 na 1953, Misri ilikubali kulipia kimo cha ziada cha bwawa hilo, kama mita moja, ili ziwa zima liwe ghala lake la maji. Iliahidi pia pauni 980,000 kwa Bodi ya Umeme ya Uganda, kufidia umeme ambao ungepotea.

Misri ilipata nini? Ilipata haki ya kumweka mhandisi wake pale bwawani, aangalie maji yanavyotoka. Wavuvi wa Musoma na wakulima wa Nyanza, ambao ziwa liko mlangoni kwao, hawakuulizwa. Siwalaumu Wamisri, kwani mtu ambaye uhai wake wote ni mto mmoja hana budi kuulinda. Ninachotaka tukione ni hiki: aliyetoa fedha ndiye aliyepata kiti karibu na mlango wa maji.

Mvua kubwa za mwishoni mwa 1961 zilianza kulijaza ziwa, na hadi 1964 lilikuwa limepanda kwa zaidi ya mita 2. Wakati huo bendera mpya zilikuwa zikipandishwa. Julai 1962 serikali ya Tanganyika iliziandikia Uingereza, Misri na Sudan kwamba Tanganyika haifungwi na mkataba wa 1929. Ulikuwa uamuzi wa kijasiri, na hadi leo tunajivunia. Lakini barua haipimi mvua. Ilipotakiwa kujulikana kwa nini ziwa limefura, nchi za bonde hili ziliingia mwaka 1967 katika mradi wa vipimo vya maji na hali ya hewa, uliofadhiliwa na Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Mradi huo ulifikia tamati mwaka 1992.

Kadhalika, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kila nchi ilibaki na kipande chake cha ziwa. Ni magugu maji yaliyotukutanisha tena, kwa sababu gugu likisukumwa na upepo halisimami mpakani kugongewa muhuri. Tarehe 5 Agosti 1994, Kenya, Tanzania na Uganda zilitia saini makubaliano ya mradi wa pamoja wa mazingira ya ziwa. Mradi ulianza 1997 hadi 2005, kwa dola zipatazo milioni 77. Sehemu kubwa ilitoka Benki ya Dunia na Mfuko wa Mazingira wa Dunia. Mchango wa serikali zetu tatu ulikuwa kama moja ya kumi. Awamu ya pili, pamoja na Rwanda na Burundi, ilianza 2009 na kumalizika 2017. Baadaye zikaja dola milioni 5 za Mfuko wa Kukabiliana na Mabadiliko ya Tabianchi, kwa nchi zote tano. Ukizigawa kwa wakazi wa bonde hili, ambao ni zaidi ya milioni 40, kila mmoja hapati hata senti 13 za dola.

Wapo watakaosema kuwa anga limechafuliwa na viwanda vya matajiri, basi matajiri na walipe. Nakubaliana nao kabisa. Hilo ni deni, wala si sadaka, na tuendelee kulidai. Lakini mwenye kudai deni halazi watoto wake njaa akimngoja mdaiwa.

Mfano tunao hapa nyumbani. Mwaka 2009 Rais Kikwete alizindua mradi wa kupeleka maji ya Ziwa Victoria Shinyanga na Kahama. Tanzania ilitumia fedha zake yenyewe, na haikwenda Cairo kuomba ruhusa. Ile barua ya 1962 ilipata nguvu siku tulipoiwekea fedha.

Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria ipo Kisumu, na ina itifaki iliyosainiwa mwaka 2003. Ziwa linatoa umeme Jinja, minofu ya sangara inayouzwa ng'ambo, na maji ya bomba ya Mwanza, Kisumu na Kampala. Je, ni vigumu kukata sehemu ndogo ya mapato hayo kila mwaka, ikanunua vipimo, ikalipa wanaovisoma, na ikamfikishia mvuvi tahadhari kabla maji hayajaingia ndani kwake? Mfadhili akija, na aje, lakini atukute tumekwisha kuanza. Wahenga walisema, mtegemea cha nduguye hufa maskini.

Rekodi ya 1964 ilichukua miaka 56 kuvunjwa. Ile ya 2020 ilichukua minne tu. Ijayo haitangoja mfadhili amalize kusoma andiko la mradi. Tafakarini.