Divai ya Vilimani na Nta ya Ugalla

Katika kitabu hiki cha jubilei mtasoma habari za makanisa yaliyojengwa, za shule na zahanati, na za mapadre waliozikwa katika nchi yetu. Sisi twaomba nafasi kidogo kwa habari ya kitu kidogo, ambacho wengi hukiona altareni kila Dominika, na wachache wameuliza kimetoka wapi. Kitu hicho ni divai. Tena hivi karibuni tumeonja divai nyekundu iliyotengenezwa katika nchi yetu ya Tanzania, nasi twataka kuitolea hukumu bila kuipendelea wala kuionea. Lakini mtu hawezi kuhukumu vema kinywaji hiki asipojua kwanza ilivyokuwa shida kukipata.

Sheria ya Kanisa juu ya divai ya Misa ni fupi. Kitabu cha sheria cha mwaka 1917, katika kanuni ya 815, kiliagiza kwamba divai iwe ya asili, iliyotoka katika tunda la mzabibu, wala isiwe imeharibika. Kitabu cha mwaka 1983, katika kanuni ya 924, chasema vivyo hivyo. Basi pombe ya mtama haifai, wala maji ya matunda mengine, wala kinywaji cha asali hakifai, hata kiwe kizuri namna gani. Na divai iliyogeuka siki si divai tena.

Sheria hiyo ilipofika Ugalla ilikuta nchi isiyo na mzabibu hata mmoja. Nchi yetu ni ya miyombo na mitundu, ya mto unaofurika wakati wa masika na kubaki madimbwi ya viboko na mamba wakati wa kiangazi. Wagalla, Wakonongo, Wapimbwe na Wabende waliijua kwa asali yake. Walitengeneza mizinga kwa magome na magogo, wakaitundika juu ya miti, wakarina asali, na sehemu yake wakaipika wanzuki. Kinywaji hiki kilikuwa cha heshima katika arusi, katika matambiko na katika kupokea wageni. Ndiyo maana hata leo wako wazee wanaotuuliza, “Baba, kama Mungu alitupa nyuki wala hakutupa mizabibu, kwa nini hakubali kinywaji cha nyuki?” Swali hili si la kuchekwa. Tutalirudia mwisho.

Mapadre Weupe walioleta Misa katika nchi hizi walitoka katika nchi ya mizabibu. Shirika lao lilianzishwa na Kardinali Lavigerie huko Algeria mwaka 1868, na katika makao yao ya Maison-Carrée, karibu na mji wa Algiers, walikuwa na mashamba yao ya mizabibu. Msafara wao wa kwanza uliondoka Bagamoyo mwezi wa Juni 1878. Padre Pascal, mmoja wa wakubwa wa msafara, alifariki njiani mwezi wa Agosti kabla ya kufika Tabora. Wenzake waligawanyika, wengine walikwenda Nyanza, na wengine walifika Ujiji mwezi wa Januari 1879. Mwaka huo huo Kapteni Cambier, Mbelgiji, alianza kujenga boma la Karema kando ya ziwa Tanganyika. Na mwaka 1885 boma hilo lilikabidhiwa mapadre. Toka hapo Karema ikawa mama wa misioni nyingi za pande zetu.

Sasa tufanye hesabu kidogo, maana hesabu hufundisha. Padre hutumia katika Misa moja divai kama kijiko kikubwa kimoja, tuseme mililita 20. Chupa ya mililita 750 yatosha Misa 37. Kwa hiyo padre anayesoma Misa kila siku ahitaji chupa 10 kwa mwaka. Chupa 10 zilizojaa hazifiki frasila moja, na pagazi mmoja alizoea kuchukua frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Basi kichwa cha mtu mmoja kiliweza kuchukua Misa za mapadre wawili kwa mwaka mzima. Katika msafara wa mamia ya watu, wenye nguo, ushanga, chumvi na baruti, mzigo huo ulikuwa kama si kitu. Lakini pagazi yule akijikwaa mtoni, au akikimbia usiku, makanisa mawili yalinyamaza.

Na njia ilikuwa ya hatari kweli. Mirambo na Nyungu ya Mawe walikuwa wakipigania njia za biashara mpaka walipokufa, wote wawili katika mwaka 1884. Mwaka 1880 Wazungu wawili, Carter na Cadenhead, waliotoka Karema kurudi pwani, waliuawa Mpimbwe, katika nchi ambayo leo ni ya mkoa wetu wa Katavi. Tena lilikuwako jua. Divai hafifu ikipigwa na joto miezi mitatu au minne huchachuka. Kwa sababu hiyo Roma ilitoa ruhusa mwaka 1896 kwamba divai ya kusafirishwa mbali iongezwe kileo kilichotokana na zabibu zenyewe, jumla isipite 17 au 18 kwa mia, ili isiharibike. Ilikubaliwa pia kutengeneza divai kwa zabibu kavu zilizolowekwa, iwapo rangi na ladha yaonyesha kwamba ni divai ya kweli. Twaona basi kwamba wakubwa wa Kanisa walijua shida ya watu wa mbali, wakalegeza walipoweza kulegeza. Lakini mzabibu wenyewe hawakuuacha.

Njia ya kichwani ilifupishwa polepole. Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwaka 1914. Meli ya Liemba ilianza kusafiri ziwani kwa jina hilo mwaka 1927, ikapita Karema. Madini ya risasi yalipopatikana Mpanda katika miaka ya 1930, ikaonekana haja ya reli, na njia ya Kaliua kwenda Mpanda, inayovuka mto Ugalla, ikamalizika mnamo mwaka 1950. Hata hivyo divai yenyewe ilibaki ya ng'ambo. Ilipanda gari moshi, lakini ilikuwa mgeni yule yule.

Mgeni huyo alipata makao alipopandwa Dodoma. Huko walifanya kazi mapadre Waitalia wa Shirika la Mateso, na habari za zao hili hutaja misioni ya Bihawana na mwaka 1957 kuwa mwanzo wa mizabibu ya Ugogo. Mtu angeshangaa, maana Dodoma ni nchi ya ukame; mvua yake ni milimita 500 au 600 tu kwa mwaka. Lakini ukame huo ndio msaada. Mzabibu huchukia majani yenye umaji siku nyingi, kwa kuwa huota ukungu. Ndiyo sababu masika yetu ya Ugalla, ya toka Novemba hata Aprili, hayaupendezi. Tena Ulaya mzabibu hulala usingizi wakati wa baridi. Dodoma hakuna baridi ya namna hiyo, basi mkulima huulaza kwa kisu: huukata matawi, nao huanza upya. Kwa njia hiyo hupata mavuno mawili kwa mwaka. Aina moja nyekundu iliyozoea nchi ile sana huitwa Makutupora, kwa jina la mahali karibu na mji wa Dodoma.

Chupa tuliyoionja ilitoka katika kiwanda kidogo cha vilimani pande hizo, ambacho hatutakitaja jina, maana kusudi letu si kuuza wala kuzuia. Ililetwa Mpanda kwa basi wakati wa kiangazi. Tuliilaza usiku mmoja kando ya mtungi wa maji, kwa kuwa divai nyekundu ikinywewa katika joto la Mpanda huwaka kooni na kupoteza harufu yake. Tulikuwa watu sita, waandishi wa kitabu hiki na wageni wetu, na mmoja wao alikuwa mzee mrina asali wa Ukonongo.

Kwanza tuliitazama. Tuliinua bilauri mbele ya kitambaa cheupe, tukaona wekundu uliokolea, na ukingoni unaelekea zambarau. Wajuzi husema hiyo ni alama ya divai changa. Haikuwa na vumbi wala mashapo. Hapo kijana mmoja aliuliza mbona divai ya Misa aliyozoea kuiona ni nyeupe. Tukamjibu kwamba sheria haichagui rangi. Mapadre wengi hupenda nyeupe kwa sababu nyekundu hutia madoa vitambaa vya altare. Tena maji ya zabibu nyeusi karibu zote ni meupe. Wekundu watoka katika maganda, yanayoachwa pamoja na maji wakati wa kuchachuka.

Pili tuliinusa. Harufu yake ilikuwa ya zambarau zilizoiva sana, na nyuma yake kama pilipili manga kidogo. Harufu ya siki, ambayo ndiyo tuliyoiogopa baada ya safari ile, hatukuisikia.

Tatu tuliionja, kila mtu funda dogo, tukaliviringisha kinywani kabla ya kulimeza. Uchachu wake ni wa haki, wafanya mate yatoke. Tunda lipo, lakini halikai sana. Ukakasi, ambao nao watoka katika maganda na mbegu, wazidi: ulimi ulikauka kama wa mtoto aliyekula zambarau mbichi. Twadhani chupa hiyo ingelilala mwaka mmoja au miwili mahali pa baridi, ukakasi ungelilainika na tunda lingelionekana zaidi. Tulipoila na nyama ya mbuzi ya kuchoma, ikatengenea mara. Mafuta ya nyama yalituliza ukali. Tulipoijaribu na migebuka ya ziwani, ikaacha ladha ya chuma kinywani, wala hatumshauri mtu kufanya hivyo. Hukumu yetu ni hii: ni divai ya kweli, safi, iliyotengenezwa kwa uaminifu, bado changa na kali kidogo, yafaa mezani pamoja na nyama, na yastahili kungojewa.

Mzee wetu alikaa kimya muda mrefu. Kisha alisema, “Wanzuki hukukaribisha kwa utamu, halafu hukuangusha. Hii hukupokea kwa ukali, halafu hukaa nawe kwa adabu.” Sisi sote twaona kwamba alihukumu vizuri kuliko sisi. Tulibakiza kidogo chupani tukakifunga kizibo. Siku ya pili ilikuwa bado njema. Siku ya tatu harufu ya siki ilikuwa imekwisha kuingia. Hapo ndipo tulipofahamu hofu ya mapadre wale wa zamani, walipofungua chupa baada ya safari ya miezi.

Sasa turudie swali la wazee. Je, nchi yetu haikuwa na kitu cha kuweka altareni? Ilikuwa nacho. Sheria za zamani ziliagiza kwamba mishumaa ya Misa, na ule mkubwa wa Pasaka, iwe ya nta ya nyuki kwa sehemu kubwa. Na katika usiku wa Pasaka, wimbo wa kusifu mshumaa kwa Kilatini hutaja kazi ya nyuki waziwazi. Nta haikuhitaji kutoka Algeria. Masega yaliyokamuliwa huyeyushwa katika maji ya moto, huchujwa kwa kitambaa, huachwa yapoe, na nta huelea juu ikiwa ya manjano. Wakati wa Wadachi na wakati wa Waingereza nta ya misitu hii ya magharibi ilikuwa bidhaa ya kupelekwa ng'ambo. Basi divai ilikuwa ikija kwetu, na nta ilikuwa ikienda kwao, na pengine zilipishana njiani juu ya vichwa vya mapagazi.

Tumkumbuke pia Adrian Atiman. Alizaliwa mbali, upande wa Timbuktu, akauzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomeshwa uganga huko Malta, na mwishoni mwa miaka ya 1880 akaletwa Karema. Alikuwa mgeni kama divai ilivyokuwa. Lakini alioa Karema, akatibu na kufundisha Karema, na huko akafa mwaka 1956, wala hakuna leo amwitaye mgeni. Cha mbali huwa chetu kikikaa nasi na kututumikia.

Jimbo letu la Mpanda lilianzishwa mwaka 2000, na sasa lashukuru kwa miaka 25. Katika furaha hii twataka kusema neno moja la onyo. Mishumaa ya parafini hununuliwa dukani kwa urahisi, na nta ya warina asali wetu hupita milango ya makanisa ikienda kuuzwa mbali. Miyombo nayo hukatwa kwa mkaa, kwa mashamba na kwa kukaushia tumbaku. Miti ikiisha nyuki huhama, na nyuki wakihama zawadi ya Ugalla imekwisha. Mzabibu hatukupewa, nasi hatuna haja ya kuona haya kwa hilo. Kilicho aibu ni kupoteza kile tulichopewa.

Kwa hiyo twashauri kila parokia ipate angalau mshumaa wake wa Pasaka kwa nta ya hapa hapa, kwa bei ya haki kwa mrina. Mzee wetu ameahidi nta ya mwaka huu, kilo mbili zilizochujwa vema. Divai tutaagiza Dodoma.