Asili na Maana ya Neno "Ufisadi"

Msomaji wa leo akutanapo na neno fisadi katika maandishi ya zamani, upesi humfikiria mwizi wa mali ya umma, na huenda akapotea. Yafaa basi tulitazame neno hili tangu asili yake.

Shina lake ni neno la Kiarabu fasad, yaani uharibifu, au kuoza kwa kilichokuwa kizima. Katika Kurani hutajwa uharibifu uenezwao na wanadamu katika nchi. Kiswahili kimelipokea kwa kanuni zake: kitenzi ni fisidi, mtendaji ni fisadi, na kwa kiambishi u- tukapata ufisadi.

Katika matumizi ya zamani ya pwani, uharibifu huo ulielekea zaidi kwenye maadili. Fisadi alikuwa mwasherati, mtu apotoshaye wake na mabinti za watu. Kumfisidi mtu ni kumharibia heshima yake. Lakini mali nayo yaweza kufisidiwa, na maana hii ndiyo iliyoshika nguvu katika siasa. Nchini Tanzania, mijadala ya 2007 na 2008 juu ya fedha za umma ililieneza neno mafisadi hadi vijiweni. Nchini Kenya neno limo katika jina la Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, iliyoundwa 2011.

Je, maana ya kwanza imekufa? Sheria ya Tanzania ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007, katika kifungu cha 25, humtia hatiani mwenye mamlaka adaiye ngono ili atoe kazi, cheo au haki. Kosa hilo limezoeleka kuitwa rushwa ya ngono. Hapa pana hatari. Rushwa kwa kawaida ina mtoaji na mpokeaji, na wote wawili wana hatia. Tukiandika kwamba mwanafunzi "alitoa rushwa ya ngono", tumemfanya aliyeonewa kuwa mshirika wa aliyemwonea.

Hatupendekezi kuliondoa jina lililokwisha kuzoeleka. Tunawashauri waandishi na wafasiri, waelezapo tendo lenyewe, wakumbuke kitenzi fisidi. Mwenye cheo amemfisidi mwanafunzi, na cheo chake pia amekifisidi. Kitenzi hicho kimoja chabeba maana zote mbili, ya zamani na ya sasa, na chaonyesha wazi nani katenda na nani katendwa.