Mtandao wa Mapaani

Historia ya kompyuta huwa tunasimuliwa kwa majina ya matajiri na gereji zao za California. Binafsi nimeichoka. Kuna historia nyingine, ya watu waliokuwa na waya, antena na hamu ya kucheza gemu, na pazuri pa kuianzia ni Havana.

Cuba ya mwanzoni mwa miaka ya 2000, raia wa kawaida hakuweza kuingia dukani akanunua kompyuta. Ruhusa hiyo ilikuja mwaka 2008. Aliyekuwa nayo aliletewa na ndugu wa ng'ambo au aliiunga mwenyewe kipande kwa kipande. Intaneti ya nyumbani ndiyo usiseme kabisa. Sasa fikiria kijana ana kompyuta, ana gemu alilonakiliwa na rafiki, ila hana wa kucheza naye, na nyumba ya pili kuna kijana mwingine mwenye shida ileile. Watafanyaje? Wakapitisha waya kutoka dirisha hadi dirisha.

Hapo, mnamo 2001, ndipo ilipoanza SNET, kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya mtandao wa mtaani. Waya uliposhindwa kufika mbali, zikapandishwa antena za waifai juu ya mapaa, nyingi zikiwa zimeingia nchini kimyakimya ndani ya mabegi ya wasafiri. Nyumba moja ikawa kituo cha nyumba za jirani, vituo vikaungwa kwenye vituo vikubwa walivyoviita nguzo, na nguzo zikashikana hadi zikaufunika mji. Mwaka 2015 shirika la habari la AP liliripoti kwamba kompyuta zaidi ya 9,000 zilikuwa zimeunganishwa. Kufikia 2019 watumiaji walikuwa makumi ya maelfu.

Na yote hayo bila intaneti. Hili nalirudia maana wengi huliruka: SNET haikuwa na mlango wa kutokea kwenda kwenye intaneti. Ulikuwa mtandao wa nyumba kwa nyumba, unaoishia pale waya na antena zinapoishia. Chochote mlichotaka kiwemo, ilibidi mtu akiweke kwenye kompyuta ya nyumbani kwake na aiache inawaka. Hiyo ndiyo seva, bwana. Tukisikia neno hilo tunawaza ghala la mashine lenye viyoyozi na walinzi, kumbe seva ni kompyuta yoyote inayosubiri kuulizwa na kujibu.

Mfano mzuri ni World of Warcraft. Gemu hilo halichezeki bila kuunganishwa na seva, na seva rasmi zilikuwa za kampuni ya Marekani, nchi iliyoiwekea Cuba vikwazo tangu enzi za Kennedy. Dawa yake ilikuwa programu zinazoiga tabia ya seva rasmi: gemu linapobisha hodi, linaitikiwa, halijui kwamba aliyeitikia yuko ghorofa ya pili mtaani kwao. Dunia nzima ya majoka na wachawi ikawa inaishi chumbani kwa mtu, kando ya kitanda, feni ikivuma usiku kucha. Umeme ukikatika kwa mwenye seva, dunia hiyo nayo inazimika, mashujaa wake wote ndani. Sijui riwaya yenye wazo kali kuliko hilo.

Gemu ndilo lililowaita watu, lakini si wote waliobaki kwa ajili yake. Kulikuwa na vyumba vya maongezi, majukwaa ya mijadala, na hata nakala ya Wikipedia. Na kulikuwa na sheria kali walizojitungia: siasa marufuku, ponografia marufuku, mkaidi anafungiwa. Wapo wanaoona huo ni woga. Mimi naona ni hesabu. Mtandao wao haukuwa na kibali, na antena juu ya paa haifichiki, kila mpita njia anaiona. Serikali iliwavumilia miaka mingi, nao wakajua uvumilivu huo una bei.

Bei ilipanda Mei 2019. Wizara ya mawasiliano ilitoa maazimio namba 98 na 99, yaliyoanza kutumika tarehe 29 Julai. Kwa karatasi, yalihalalisha mitandao ya watu binafsi kwa mara ya kwanza. Kwa vitendo yaliiua SNET, kwa sababu nguvu ya vifaa vya redio iliwekewa ukomo wa miliwati 100 na waya ulikatazwa kuvuka barabara. Nguzo inayohudumia mamia ya watu haisimami kwa miliwati 100. Agosti vijana wakakusanyika nje ya wizara. Hawakudai mageuzi ya nchi, walidai mtandao wao.

Walichopata ni makubaliano ya kuhamishia huduma zao Joven Club, vituo vya serikali vya kompyuta kwa vijana vilivyoanzishwa mwaka 1987. Kwa hiyo gemu la Marekani, lililonakiliwa bila senti kumfikia mwenyewe, likapelekwa kupangishwa na taasisi ya mapinduzi. Wengine walihamia huko. Wengine walipanda juu ya mapaa yao wenyewe na bisibisi mkononi, wakaanza kufungua antena moja moja.