Ngao ya Bomba na Ngao ya Australia

Land Rover zilizokuwa zikipita kwetu Mzenga nilipokuwa mtoto hazikuwa na bampa la kujivunia. Mbele palikuwa na kipande kimoja cha chaneli ya chuma, kimenyooka, kimepakwa zinki, kimefungwa kwa bolti nne kwenye ncha za chasisi. Basi. Dereva akigonga kisiki, anakifungua, anakilaza juu ya jiwe, anakinyoosha kwa nyundo, anakirudisha. Kila ninachokijua leo kuhusu ngao ya bei nafuu na ya bei ghali nimekipata kwa kuzitazama bolti zile nne.

Karakana yangu iko Maili Moja, Kibaha. Mji huu ulizoea magari ya kazi mapema. Mwaka 1963 Tanganyika ilitiliana saini na nchi za Nordiki kujenga kituo ambacho leo ni Shirika la Elimu Kibaha, nao wataalamu wake walihitaji magari ya kuwafikisha vijijini. Baadaye ikaja TAMCO, kiwanda cha kuunganisha malori ya Scania, na mwaka 1985 likaundwa shirika la Nyumbu, ambako wanajeshi na wahandisi wetu walijaribu kuunda lori la Mtanzania. Fundi aliyenifundisha kuchomelea alitoka TAMCO. Alikuwa na desturi ya kupima mara mbili kabla hajakata, na aliyemkuta anakisia kwa macho alimrudisha nyumbani siku hiyo.

Ngao yenyewe, yaani ile fremu ya mabomba inayosimama mbele ya bampa, ilishamiri huku kwetu kwa sababu ya ukata. Baada ya vita vya Kagera, 1978 na 1979, fedha za kigeni ziliadimika na vipuri vikawa vya kusaka. Dereva anayebeba mihogo na korosho kutoka Maneromango hakuogopa kulala njiani. Aliogopa kuvunja rejeta, maana rejeta nyingine angeipata wapi? Kwa hiyo alimwendea fundi na bomba la maji la inchi mbili.

Kazi ile niliifanya kwa mikono yangu, naweza kuieleza. Bomba unalijaza mchanga, ukiligonga pole pole mpaka mchanga ushindiliwe, kisha unaziba ncha zote mbili kwa vigingi vya mti. Mchanga lazima uwe umekaangwa ukakauka, kwa sababu unyevu ukigeuka mvuke ndani ya bomba lililozibwa, kigingi huruka kama risasi. Unapasha moto pale unapotaka kona, juu ya mkaa, mpaka chuma kiwe chekundu, halafu unalipinda taratibu kulizunguka ringi la lori. Mchanga ndio unaozuia bomba lisibonyee. Likiwa la zinki, moshi wake ukichomelea ni mweupe na mtamu mdomoni, na usiku unatetemeka kwa homa. Sisi tulikunywa maziwa. Ukweli ni kwamba maziwa hayaondoi sumu ile. Kinachosaidia ni kusugua zinki yote kabla ya kuchomelea na kufanyia kazi penye upepo. Vijana wanaokuja kujifunza nawaambia hivyo kabla sijawapa kijiti cha kwanza.

Bajeti ya 1984 iliporuhusu wenye fedha zao kuagiza bidhaa, na baadaye Rais Mwinyi alipofungua milango zaidi, yakaja magari yaliyotumika Japani. Pajero na Hilux Surf nyingi zilifika na ngao zinazong'aa nikeli, kwa kuwa Wajapani wa miaka ile walipenda gari la mjini lionekane la porini. Watu walizitamani. Nilizifungua nyingi: bomba jembamba, kibano cha bati, bolti mbili ndogo. Ngao ya namna hiyo haikuundwa kukutana na ng'ombe.

Ya Australia ilizaliwa kwa shida iliyofanana na yetu. Kule kangaruu huruka barabarani usiku, na kijiji kinachofuata kiko mbali mno. Mwaka 1975 Tony Brown alianzisha kampuni ya ARB mjini Melbourne, baada ya kuona vifaa vya magari vikivunjika kwenye njia mbovu. Ngao moja ya aina hiyo leo huvuka dola elfu moja kabla ya meli na ushuru. Wateja huniuliza kama wanalipia jina. Ninapoilaza sakafuni, ninachowaonyesha ni upande wa nyuma, ule usioonekana gari likiwa limeegeshwa. Sahani za kuishikiza kwenye chasisi zimekunjwa kwa mashine, ni pana, na zimetengenezwa kwa modeli ile ya gari tu. Winchi ina kitako chake. Jeki ya Tanganyika, ile ndefu ya mkono, ina mahali pake pa kuinulia. Kwa magari yenye eabegi, sahani zile zimepimwa zijikunje kwa kiasi, ili eabegi ifunguke kwa wakati wake.

Za bei nafuu zinazouzwa Kariakoo mara nyingi hufanana na hizo kwa mbele. Unene wa chuma wakati mwingine hata hautofautiani. Mteja mmoja wa Vikumburu aliniletea Hilux iliyogonga kisiki kwa mwendo mdogo: ngao ilikuwa nzima, rangi haijachubuka, lakini vishikizo vilikuwa vimelala nyuma na ngao nzima imeingia kwenye rejeta. Kitu alichokinunua kumlinda ndicho kilichomkwamisha.

Tena kuna uzito. Ngao ya chuma pamoja na winchi hukaribia kilo 100, zote mbele ya ekseli. Usipobadilisha springi, pua ya gari inainama, matairi yanaliwa upande, na breki zinabadilika.

La mwisho linaniuma kuliko yote. Mwaka 2005 Umoja wa Ulaya ulipitisha kanuni za kubana ngao ngumu kwenye magari mapya, kwa kuwa bomba la chuma humuua mtembea kwa miguu ambaye bampa la plastiki lingemwachia nafasi ya kupona. Barabara ya Kiluvya kwenda Mpuyani asubuhi imejaa watoto wa shule na bodaboda. Anayeishi Kibaha mjini na kufanya kazi Dar es Salaam hana ng'ombe wala kisiki cha kujikinga nacho. Huyo simfungii ngao, hata akija na fedha mkononi.

Kwa wa Kisarawe ya ndani, wa Mafizi na Vikumburu, ngao ni haki yao, na si lazima iwe ya Australia. Mafundi wetu wanaweza kutengeneza inayofaa kwa gari lisilo na eabegi, mradi mteja akubali kulipia vishikizo kabla ya kulipia mng'aro. Gari lenye eabegi halitaki kubahatisha: nunua iliyopimwa kwa modeli yako, au liache na bampa lake. Nao SIDO, shirika la viwanda vidogo, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi, hapa Pwani watuwekee mashine moja ya kukunja sahani nene ambayo karakana ndogo zinaweza kukodi kwa saa. Hicho ndicho tunachokosa.