Njama Kabla ya Runinga: Upokezi wa Kihakiki wa Riwaya za Willy Gamba

Ikisiri

Makala haya yanajadili namna uhakiki wa fasihi ya Kiswahili nchini Tanzania ulivyozipokea riwaya za kijasusi za A. E. Musiba tangu miaka ya 1970. Hoja kuu ni kwamba vipimo vilivyotumika, yaani itikadi na uasilia wa mtindo, viliacha nje swali la kihistoria: njama inayosimuliwa ilitoka wapi, na kwa nini msomaji aliisadiki? Swali hilo lina uzito leo, kwa kuwa vipimo hivyohivyo vinatumiwa kuzihukumu tamthilia za runinga.

1.0 Utangulizi

Zanzibar ilipata runinga mwaka 1973, lakini Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Kwa hiyo, kizazi kizima cha Bara kilizifahamu hadithi za njama kwa njia ya karatasi kabla ya kuziona kwenye kioo. Shujaa yule yule anayerejea kitabu baada ya kitabu, mkuu anayemkabidhi kazi ya siri, msaliti aliyejificha miongoni mwa wenzake, na mwisho wa sura unaomlazimisha msomaji kufungua sura inayofuata: haya yote, ambayo mtazamaji wa leo anayajua kutokana na tamthilia za mfululizo, yalikuwamo katika riwaya za Willy Gamba. Ya kwanza kati ya hizo, Kufa na Kupona, ilichapishwa mwaka 1974. Aliyeichapisha ni East African Literature Bureau, chombo cha umma. Jambo hili linastahili kukumbukwa kila riwaya hizi zinapoelezwa kuwa ni zao la biashara tupu.

2.0 Kutoka kosa hadi njama

Musiba hakuanza kulima shamba lisilofyekwa. Muhammed Said Abdulla alikwisha kumtambulisha Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), na Faraji Katalambulla alifuata na Simu ya Kifo (1965). Hata hivyo, kuna tofauti ya kimsingi ambayo istilahi ya jumla ya "riwaya ya upelelezi" huificha. Katika riwaya za Bwana Msa kuna kosa: mtu ameuawa, aliyeua yuko, na akili ya mpelelezi inatosha kumfichua. Akishafichuliwa, jamii inarudi katika utulivu wake. Katika Kufa na Kupona kuna njama: nyaraka za siri zinazohusu wapigania uhuru zimeibwa Dar es Salaam, na Gamba anatumwa Nairobi kuzifuata. Mwizi si mtu mmoja, bali ni mkono wa dola za kikoloni zilizo mbali. Kumkamata mhusika mmoja hakumalizi jambo, na ndiyo maana shujaa hana budi kurudi katika kitabu kingine. Mfululizo, kwa maana hiyo, unatokana na mantiki ya njama yenyewe.

3.0 Hukumu ya wahakiki

Uhakiki wa Kiswahili ulikomaa katika mazingira ya Azimio la Arusha la mwaka 1967. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa uwanja wa mijadala mikali kuhusu wajibu wa fasihi katika ujenzi wa ujamaa, na F. E. M. K. Senkoro ni miongoni mwa waliousimamia msimamo kwamba kazi ya fasihi haiwezi kutenganishwa na matabaka ya jamii iliyoizaa. Kwa kipimo hicho, Gamba alionekana mgeni: anavaa vizuri, analala katika hoteli za kifahari, anapendwa na wanawake warembo, na anafanana mno na James Bond. Mgawanyo kati ya "riwaya dhati" na "riwaya pendwa" ulipozoeleka, nafasi yake ilikuwa imekwisha kupangwa.

Hukumu hii haikuwa ya kuonea katika kila jambo. Usawiri wa wanawake katika riwaya hizi ni finyu, na alama za Ian Fleming zinaonekana wazi. Aidha, si wote waliozipuuza. Rajmund Ohly, katika utafiti wake uliochapishwa Dar es Salaam mwaka 1981 kuhusu nathari ya Kiswahili ya miaka ya sabini, aliichukulia nathari pendwa kuwa jambo linalostahili uchunguzi kamili. Hata hivyo, kwa sehemu kubwa swali lililoulizwa lilikuwa "Musiba amemwiga nani?", si "Musiba amesikia nini?"

4.0 Kilichoachwa nje

Tangu mwaka 1963 Dar es Salaam ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika. Tarehe 3 Februari 1969, Eduardo Mondlane, kiongozi wa FRELIMO, aliuawa jijini humo kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu. Mwaka 1970 ilisikilizwa kesi ya uhaini ambayo Bibi Titi Mohamed alikuwa miongoni mwa washtakiwa. Aprili 1972 Rais Abeid Amani Karume aliuawa kwa risasi Zanzibar. Msomaji wa mwaka 1974 hakuhitaji Fleming ili kusadiki kwamba nyaraka za wapigania uhuru zaweza kuibwa. Umbo la hadithi lilikuwa la kuazima, lakini hofu iliyomo ilikuwa ya nyumbani.

Lugha nayo inathibitisha hilo. Baadhi ya riwaya za Musiba zina anwani za neno moja: Njama, Hofu, Hujuma. Njama kwa asili ni mashauri ya faragha. Katika msamiati wa kisiasa baada ya uhuru maana yake ilielemea upande wa uovu. Hujuma, neno lenye asili ya Kiarabu linalohusu mashambulizi, lilipata uzito mpya mwaka 1983 serikali ilipoanzisha vita dhidi ya wahujumu uchumi. Anwani hizi ni msamiati wa hotuba na magazeti ya dola.

Hapa ndipo penye kinaya. Huko Marekani, filamu za njama za miaka hiyohiyo, kama The Parallax View (1974), zilimfundisha mtazamaji kuishuku serikali yake. Kwa Musiba njama hutoka nje. Ndani mna vibaraka, lakini dola yenyewe ni safi na Chifu hasemi uongo. Wahakiki wa kijamaa walimshutumu mwandishi ambaye, katika suala la ukombozi wa Afrika, alikuwa upande uleule wa serikali yao. Udhaifu wake mkubwa zaidi kisiasa, yaani kutothubutu kuihoji dola, haukupewa uzito uliostahili.

5.0 Hitimisho

Mwaka 1973, mwaka mmoja kabla ya Gamba kuzaliwa, TANU iliamua kuhamishia makao makuu Dodoma. Leo wizara zimehamia, na hapa Msalato unajengwa uwanja wa ndege wa kimataifa. Wanafunzi wa fasihi wa nyanda hizi za kati wanaishi jirani na siri za dola kuliko wazazi wao, nao huzifahamu hadithi za njama kupitia tamthilia za kigeni na sauti za wasimuliaji wa filamu kama Lufufu. Tukiwaambia kwamba wanachokipenda ni uigaji usio na thamani, tutakuwa tumerudia hukumu ya miaka ya sabini bila ya hoja zake. Kazi ya mhakiki ni kuuliza kila njama inayosimuliwa inamtuhumu nani, inamsafisha nani, na ni hofu gani ya kweli inayoifanya isadikike. Riwaya za Willy Gamba zinafaa kuwa mahali pa kuanzia, nazo zinastahili kurudishwa darasani kwa sababu hiyo.