Santuri ya Kwanza ya Mwana wa Unguja

Tarehe 25 Oktoba 2024 ilirudi sokoni, ikiwa imetengenezwa upya kutoka katika tepu zake za asili, santuri ambayo Waingereza waliisikia kwa mara ya kwanza tarehe 13 Julai 1973: santuri ya kwanza ya bendi ya Queen, ambayo siku zile haikuwa na jina ila jina la bendi yenyewe, na ambayo safari hii imeongezewa tarakimu ikaitwa Queen I. Huku kwetu Itigi, ambako reli ya kati inapita baina ya Manyoni na Tabora, na barabara ya kusini inashika njia ya Rungwa kuelekea Chunya na Mbeya, mtu aweza kudhani kwamba habari za bendi ya roki ya Kiingereza ni habari za wenyewe. Walakini mwimbaji wa bendi ile, ambaye dunia ilimjua kwa jina la Freddie Mercury, alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946 akaitwa Farrokh Bulsara, na kwa sababu hiyo tarihi ya santuri hii ina ukurasa wake katika nchi yetu, nao ni ukurasa ambao ni haki yetu kuusoma kwa makini, bila ya kujivuna kupita kiasi na bila ya kuona haya.

Wazazi wake, Bomi na Jer Bulsara, walikuwa Waparsi, wafuasi wa dini ya kale ya Zoroaster, ambao asili yao ni Gujarati katika Bara Hindi. Na baba alikuwa mtunza fedha katika Mahakama Kuu, akiitumikia serikali ya Kiingereza. Mtoto alipokuwa na umri wa miaka minane alivushwa bahari, akapelekwa kusoma katika shule ya bweni ya St Peter's huko Panchgani, si mbali sana na Bombay, na huko ndiko alikojifunza piano akaunda na wenzake bendi ya kishule iliyoitwa The Hectics. Alirejea Unguja mwaka 1963. Mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, jamaa ile ilihamia Uingereza, ikakaa Feltham, magharibi ya London. Na Farrokh, aliyekuwa kijana wa miaka 17, hakupata tena kuishi katika mji aliozaliwa.

Wako watu ambao, kwa mapenzi yao kwa Unguja, hupenda kusema kwamba tarabu ya Mji Mkongwe inasikika ndani ya nyimbo za Queen. Mimi nimezisikiliza nyimbo za santuri hii ya kwanza kwa raghba yote niliyo nayo, na nakiri kwamba sioni ushahidi wa kutosha: ninachokisikia ni piano ya shule, ni kwaya ya Kiingereza, ni magitaa mazito ya London ya zama zile, na juu ya vyote hivyo ni koo la ajabu lisilokuwa na mfano wake. Lakini uko uhusiano mwingine, mwembamba na wa kweli, ambao haukutajwa kama inavyostahili. Mnamo mwaka 1928 Siti binti Saad, johari ya tarabu ya Unguja, alisafiri kwenda Bombay kurekodi nyimbo zake kwa kampuni iliyojulikana kwa alama ya His Master's Voice, na sahani zile zikarudi pwani yetu zikauzwa na kupendwa katika kila mji uliokuwa na gramafoni. Mwaka 1931 kampuni ile iliungana na Columbia ikazaliwa kampuni moja kubwa iliyoitwa EMI. Na EMI ndiyo iliyotoa santuri ya kwanza ya Queen mwaka 1973. Basi sauti mbili zilizotoka katika kisiwa kimoja, ya mwanamke aliyezaliwa katika ufukara wa shamba na ya mwana wa mtumishi wa mahakama, zilipita katika mlango wa nasaba moja ya biashara, zikiachana kwa miaka 45.

Sasa tuitazame kazi yenyewe. Farrokh alisoma sanaa ya uchoraji katika chuo cha Ealing, akahitimu mwaka 1969, na katika siku za chuo akafuatana na vijana wa bendi iliyoitwa Smile, ambamo Brian May alipiga gitaa na Roger Taylor alipiga dramu. Smile ilipovunjika, mwaka 1970, wale wawili wakaungana naye, naye akawapa jina la Queen, akajipa mwenyewe jina la Mercury, na baadaye akachora kwa mkono wake nembo ya bendi, akiijaza alama za nyota walizozaliwa wao wanne: simba wawili, kaa, na vichimbakazi wawili. Mpiga gitaa la besi, John Deacon, alikuwa wa mwisho kujiunga, mwaka 1971. Gitaa la Brian May lilikuwa ni kazi ya mikono yake na ya baba yake, na shingo yake ilichongwa kwa mti uliotolewa katika fremu ya meko ya zamani. Na fahari yao katika ala zao ilikuwa kubwa hata wakaandika juu ya jalada la santuri kwamba hapana aliyepiga sinthesaiza humo, ili msikilizaji asije akadhani kwamba sauti zile zote nyingi zilitoka katika mtambo wa umeme, hali zilitoka katika nyuzi na vidole.

Studio iliyowapokea ilikuwa Trident, katika mtaa wa Soho, nayo ilikuwa na sifa kubwa, kwani wanamuziki mashuhuri kama David Bowie na Elton John walifanya kazi humo. Lakini vijana wa Queen hawakuingia kwa mlango wa wateja wenye fedha. Wenye studio waliwachukua chini ya mkataba wao, wakawaruhusu kurekodi katika saa ambazo chumba kilikuwa kitupu, mara nyingi usiku, baada ya wateja wenye kulipa kuondoka. Na kwa namna hiyo, kipande leo na kipande wiki ijayo, santuri ilijengwa katika mwaka 1972, chini ya uongozi wa John Anthony na Roy Thomas Baker pamoja na bendi yenyewe. Ilipokamilika ilikaa miezi kadhaa bila ya kampuni ya kuitoa. Na ilipotoka, haikupokewa kwa vishindo: wimbo uliotangulizwa peke yake katika sahani ndogo, Keep Yourself Alive, haukuingia kabisa katika orodha ya nyimbo zinazouzika nchini Uingereza, na santuri nzima ilingoja hata mwaka 1974, baada ya ile ya pili kupata wasikilizaji, ndipo nayo ikapanda kufika nafasi ya 24.

Hata hivyo kilichowauma wenyewe si mauzo, bali sauti. Trident ilikuwa na namna yake ya kurekodi dramu, ambayo ilipendwa na watu wengi wa wakati ule: dramu ziliwekwa katika kijumba kidogo kilichozibwa kila upande, zikafungwafungwa ili zisivume, zikasikika kavu na karibu. Roger Taylor aliyataka mavumo. Alitaka dramu zisikike kama zinavyosikika katika ukumbi, zikijaza hewa na kurudi kutoka ukutani. Brian May naye alitaka hivyo hivyo kwa gitaa lake. Lakini wao walikuwa vijana wasiokuwa na santuri hata moja, wakirekodi kwa fadhila ya usiku, na neno la mwisho halikuwa lao. Wimbo mmoja, The Night Comes Down, waliukataa katika sura yake ya Trident, wakashika ile waliyoirekodi kwa majaribio mwaka 1971 katika studio nyingine, De Lane Lea, kwa kuwa katika majaribio yale walijisikia ni wao hasa. Na wimbo mwingine, Mad the Swine, ambao ni utungo wa Mercury, uliondolewa kwa sababu hawakuafikiana juu ya namna ulivyokuwa umechanganywa, ukalala katika tepu hata mwaka 1991.

Hapa inafaa nieleze kwa ufupi tofauti ya kazi mbili ambazo wauzaji wa muziki hupenda kuzitaja kana kwamba ni moja. Bendi ya namna hii hurekodiwa katika tepu yenye njia nyingi, dramu njia zake, besi njia yake, gitaa na koo njia zao. Kisha fundi huzikusanya njia zile zote katika tepu moja ya mwisho, akipandisha hii na kushusha ile, na tepu hiyo ndiyo inayokuwa mama wa kila nakala. Kazi ya kwanza, ambayo ndiyo ya kawaida, ni kuisafisha tepu ya mwisho: kuondoa ukungu, kusawazisha besi na sauti za juu, kuipa nguvu inayofaa mitambo ya leo. Kazi hiyo santuri ya Queen ilifanyiwa mwaka 2011, bendi ilipotimiza miaka 40, nayo ilifanywa vizuri. Walakini mchuzi uliokwisha kuiva hauwezi kutolewa chumvi yake, na dramu kavu zilibaki dramu kavu. Kazi ya pili ni kurudi nyuma ya tepu ya mwisho, kuzifikia njia zenyewe, na kuchanganya upya tangu mwanzo. Hiyo ndiyo iliyofanywa mwaka 2024, na mafundi Justin Shirley-Smith, Joshua J Macrae na Kris Fredriksson, chini ya macho ya May na Taylor. Upigaji na uimbaji ni ule ule wa zamani, haukuongezwa wala haukubadilishwa. Kilichobadilishwa ni mahali ambapo sauti inasimama na hewa inayoizunguka. Na Mad the Swine umerudishwa mahali pake, baina ya Great King Rat na My Fairy King.

Wapo wanaoshikilia kwamba santuri ya zamani ni tarihi, na tarihi haichongwi upya. Hoja hiyo ina uzito, nami naiheshimu, maana msikilizaji aliyeipenda sauti kavu ya 1973 kwa miaka 50 ana haki juu ya kumbukumbu yake. Lakini ile ya zamani haikufutwa, ipo na itazidi kuwepo. Na hapa si mfanyabiashara aliyetaka kuipamba bidhaa kwa rangi ya kisasa, ila ni watendaji wenyewe, ambao wakati ule walinyimwa sauti waliyoitaka, nao wamepata umri na uwezo wa kulipa deni la ujana wao. Jambo moja tu linanitia huzuni: mwenye koo hayupo. Freddie Mercury alifariki tarehe 24 Novemba 1991, na John Deacon ameushika ukimya wa miaka mingi, hata maamuzi yakabaki ya wawili. Naona, kwa kadiri ya kusikia kwangu, kwamba wametenda kwa insafu: koo la kijana yule wa miaka 26 halikuzamishwa chini ya dramu mpya, linasikika wazi kuliko zamani, hata pumzi anazovuta kabla ya kuanza mstari.

Mwaka huo 1973 santuri ile haikufika Itigi, wala haikuwa na njia ya kufika. Masikio ya mji huu wa reli yalikuwa kwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na kwa Nuta Jazz, na kwa Mbaraka Mwinshehe, ambaye mwaka huo huo aliiacha Morogoro Jazz akaanzisha Super Volcano. Na zaidi ya hao, kwa sababu ya ujirani, kwa bendi zenye damu ya Unyamwezi. Western Jazz, bendi iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1959 na Iddi Nhende, mtu wa Nzega, ilichukua jina lake katika Jimbo la Magharibi, ambalo mpaka wake ulikuwa mbele kidogo yetu kwa msafiri wa garimoshi; na mtindo wake wa Saboso ulichezwa pande zote mbili za mpaka huo. Mwaka 2012 kampuni ya Sterns ya London ilizikusanya nyimbo ambazo Western Jazz walizirekodi Nairobi katika miaka ya 1970, ikazitoa upya kwa jina la Songs of Happiness, Poison & Ululation, na gitaa la Wema Abdallah likasikika safi kwa watu ambao wazazi wao hawakuwahi kuiona Nzega katika ramani.

Nafurahi kwa hayo, na furaha yangu ina wasiwasi ndani yake. Sehemu kubwa ya muziki wa dansi wa nchi hii haikurekodiwa Nairobi, ilirekodiwa katika studio ya redio ya taifa, bendi nzima ikisimama katika chumba kimoja mbele ya maikrofoni chache, na sauti zote zikaingia pamoja. Mafundi wale walifanya kazi adhimu kwa vifaa vichache. Lakini hawakuacha nyuma yao njia zilizotengana ambazo mtu wa kesho ataweza kuzichanganya upya. Kwa nyimbo zile ipo kazi moja tu iwezekanayo, nayo ni ile ya kwanza, ya kusafisha. Na tepu ya sumaku huharibika kwa joto na unyevu, utando wake ukabanduka, na kilichobanduka hakuna fundi wa London wala wa Dar es Salaam awezaye kukirudisha. Shangani, Unguja, kuna nyumba ya makumbusho ya Freddie Mercury tangu mwaka 2019, na wageni huingia kwa tikiti kuziona picha zake za utotoni. Tepu za Radio Tanzania zimo Dar es Salaam, katika milki ya shirika la utangazaji la taifa, na natamani zisafishwe zote, za Western na za Nuta na za bendi za Tabora, wakati wapigaji wachache waliobaki hai wangali wanaweza kukaa kando ya fundi na kumwambia kwamba besi ilikuwa juu zaidi ya hapo.